Miaka mitatu na miezi minne kwenye kampuni ya ushauri hapa Dodoma: nilichopata na kilichoniuma

Nyota tatu kati ya tano. Ungeniuliza mwezi wa kumi 2023 ningetoa tano bila kufikiri mara mbili, na ungeniuliza Januari 2025 ningetoa moja. Niliondoka Julai 2025. Nimekaa pembeni kwanza hasira ipoe, na shukrani nazo zitulie, ndipo nimeona niandike. Nawaandikia hasa wadogo zangu wanaomaliza chuo hapa mjini, maana kila baada ya siku chache napata ujumbe: "Dada, nimeitwa usaili kampuni ya ushauri. Niende?"

Jina la kampuni sitalitaja. Ni ya wazawa, ofisi yake ni nyumba ya makazi iliyogeuzwa upande wa Kisasa, sebule ndiyo chumba cha mikutano, jiko ndiko kunakokaa mashine ya kuchapisha. Waajiriwa wa kudumu tulikuwa kumi na mmoja. Wengine wote, wadadisi wanaopita kaya kwa kaya kuuliza maswali, madereva, watafsiri, walikuja na mradi na kuondoka na mradi. Kazi zetu zilikuwa tafiti za kaya, tathmini za miradi, mipango mkakati ya taasisi, na mafunzo. Ukisikia ushauri usifikirie zile kampuni nne kubwa za dunia, Deloitte, PwC, EY na KPMG, ambazo hapa nchini utazikuta Dar es Salaam. Dodoma kampuni nyingi ni ndogo kama yetu, na nyingi zimeota baada ya serikali kuhamia huku kuanzia 2016. Wizara ziko Mtumba, Bunge liko hapa, taasisi zinafuatana, na kila palipo na taasisi pana mtu anayetafuta wa kumfanyia utafiti.

Niliingia Machi 2022 kama mtafiti msaidizi, nikiwa na shahada ya takwimu na cheti cha JKT. Usaili haukuwa wa maswali ya "jieleze". Nilipewa jedwali la majibu ya kaya mia mbili na karatasi moja nyeupe, nikaambiwa niandike ndani ya saa moja ukurasa mmoja ambao diwani ataelewa. Hilo peke yake lilinifanya niipende kampuni kabla hawajanipigia simu.

Mshahara niuseme wazi, kwa sababu sisi Watanzania tunaficha mishahara kisha tunaumia kimya kimya. Mkataba ulisema 900,000 kwa mwezi. NSSF asilimia 10 yangu, 90,000. Kodi ya mapato 80,500. Mkopo wa elimu ya juu asilimia 15 ya mshahara, 135,000. Mkononi inafika 594,500. Chumba changu na sebule Nkuhungu kilikuwa 120,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka ya miezi sita. Kwa mtu wa miaka ishirini na mitano asiye na mtoto, Dodoma, hiyo hela inatosha, ikija tarehe yake. Hilo la mwisho nitalirudia.

Jambo moja ukilielewa, mengine yote ya kampuni hizi yatakufungukia. Mteja hakulipi kwa siku ulizohangaika, analipa ripoti ikipokelewa. Mikataba yetu mingi ilikuwa ya awamu tatu: asilimia 20 ripoti ya kuanza kazi ikipokelewa, 40 rasimu ikipokelewa, 40 ya mwisho ripoti kamili ikipokelewa. Hapo "ikipokelewa" maana yake ni mtu mmoja ofisini kwa mteja ameisoma, ameridhika, ameandika barua. Akiwa safarini, akiwa likizo, akiwa amehamishwa idara, ripoti inakaa. Mazuri yote niliyopata pale, na machungu yote, yalitoka katika neno hilo.

Nianze na mazuri, maana ni mengi na sitaki yapotee.

Kwa kuwa kampuni inaishi kwa ripoti kupokelewa, bosi wetu, tuliyezoea kumwita Dokta, hakuvumilia sentensi legelege. Alikuwa anachapisha rasimu yako kwenye karatasi na kukaa nayo na kalamu nyekundu. Ukiandika "wananchi wengi wanalalamikia maji", pembeni utakuta: "Wangapi? Wapi? Nani kasema?" Rasimu yangu ya kwanza ilirudi na wekundu kurasa zote ishirini na sita. Nililia chooni, sisemi uongo. Ya nne ilirudi na alama sita tu, na chini ameandika "Sasa mtu anaweza kufanya uamuzi hapa." Karatasi ile ninayo. Chuoni nilijifunza kupiga hesabu, pale nikajifunza kwamba hesabu ina mtu upande wa pili anayesubiri kujua ajenge kisima au asijenge.

Dokta ana desturi ya kuwapeleka waajiriwa wapya Kongwa. Mimi nilipelekwa wiki ya pili, pamoja na kijana wa uhasibu. Tulitoka asubuhi kwa barabara ya Morogoro, Mbande tukakata kona, tukaenda kusimama kwenye nyasi upande wa ranchi. Akatusimulia mpango wa karanga wa Waingereza. Mwaka 1946 bwana Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, alizunguka na wenzake kwa wiki chache, maeneo mengine wakiyaona kutoka kwenye ndege, wakaandika ripoti kwamba karanga zitakubali kwenye ekari zaidi ya milioni 3 za Tanganyika na nchi jirani. Ripoti ilipokelewa haraka sana. Mwaka 1947 kazi ikaanza, na Kongwa ndiyo pakawa mahali pa kuanzia. Udongo wenyewe kiangazi unakauka unakuwa kama saruji, karanga hazichimbiki. Mvua haikuja kama ilivyoandikwa. Visiki na mizizi vikavunja vyuma vya matrekta. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza ikaachana na mpango, zaidi ya paundi milioni 30 zimeshaliwa na ardhi.

"Hawa nao walikuwa washauri," Dokta akasema. "Na hapa palikuwa na Wagogo wanaolima mtama, wanaijua mvua ya hapa mwaka kwa mwaka. Nyinyi mkienda kijijini, mkiona mtu anawaambia kitu hakimo kwenye dodoso, kiandikeni."

Nimefanya kazi na watu wengi tangu hapo, sijaona mafunzo ya kazi yaliyonikaa kichwani kama asubuhi ile ya Kongwa.

Na uwandani, kukusanya takwimu vijijini, hapo ndipo kazi ilikuwa tamu. Nimefika Chemba, Mpwapwa, Bahi, Kondoa, nikavuka hadi Manyoni na Ikungi. Kibali kwanza: barua ya TAMISEMI au ya Katibu Tawala wa Mkoa, kisha mkurugenzi wa halmashauri, kisha mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji. Ukiruka ngazi moja umeharibu siku nzima, na ukifika kwa mwenyekiti ukaanza na dodoso kabla ya salamu umeharibu wiki. Mimi ni mzaliwa wa Manyoni, Kigogo kiko nyumbani kwetu, kwa hiyo nikisema "Mbukwenyi" uso wa mzee unabadilika papo hapo. Lakini Kwa Mtoro, Chemba, watu wa Kisandawe walinifundisha kwamba nami ni mgeni kama wageni wengine. Kule bila mdadisi wa palepale huendi popote.

Kuna mama mmoja wa Bahi, mkulima wa mpunga kule kwenye mbuga, tulimkuta jioni ametoka shamba, matope hadi magotini. Dodoso letu lilikuwa na swali: "Mapato ya kaya yako kwa mwezi ni shilingi ngapi?" Mdadisi akamsomea kutoka kwenye kishikwambi. Mama akamtazama, akanigeukia mimi.

"Mwezi upi, mwanangu? Mimi mpunga nauza mara moja. Hela ikiingia nalipa niliokopa kwao kifuku kizima, inayobaki nanunua bati. Sasa wewe unataka mwezi upi?"

Usiku ule nilipanda kwenye kichuguu kutafuta mtandao, nikampigia Dokta. Meneja wa mradi alikuwa ameshanijibu kwamba dodoso limeidhinishwa na mteja, haligusiki. Dokta aliniuliza kitu kimoja tu: "Umeliuliza kwa kaya ngapi, na ngapi wamekwama?" Nikamwambia ishirini na nane, kumi na tisa wamekwama. Akampigia mteja usiku uleule. Asubuhi swali likagawanywa: umevuna nini msimu uliopita, umeuza kiasi gani, kwa bei gani, ulikopa kwa nani na ulimlipa nini. Tulirudia zile kaya ishirini na nane. Tulipoteza siku moja na mafuta ya gari, na takwimu tulizopata nitazitetea mbele ya yeyote. Kampuni ambayo inakubali kupoteza siku kwa sababu mama wa Bahi ameuliza swali la maana, hiyo inastahili nyota zake.

Mengine mazuri niyataje kwa haraka. Bima ya afya ya NHIF walitulipia na kadi ilifanya kazi. Mwenzetu mmoja alipojifungua alipewa siku zake 84 zote za likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, akirudi hakupangiwa safari ya uwandani miezi sita, na hakuna aliyemnunia. Chakula cha mchana tulichanga, mama wa jirani alitupikia, Jumatano ilikuwa ugali wa mtama kwa mlenda na kila mtu alihakikisha Jumatano yupo ofisini.

Sasa zabuni. Kampuni ya ushauri ina kazi mbili, ile iliyopata na ile inayoitafuta, na hii ya pili hailipwi na mtu yeyote. Mwaka 2023 zabuni za serikali zilipohamia NeST, mfumo mpya wa mtandaoni, kutoka TANePS wa zamani, mimi nikawa ndiye mtu wa mfumo, kwa sababu nilikuwa kijana na sikuogopa kubonyeza. Mfumo unafunga saa iliyopangwa, haumjui mtu, hauna ndugu. Kwa upande wa haki ni jambo zuri sana, bahasha za kuchelewa zilizokuwa zinapokelewa kwa kujuana zimekwisha. Kwa upande wa usingizi wangu ilikuwa shida. Mwisho wa 2023 na mwanzoni mwa 2024 ulikuwa wakati wa mgao wa umeme, nakumbuka tukiwa watu watatu ndani ya gari la ofisi, injini inawaka ili tuchaji kompyuta, mtandao unatoka kwenye simu yangu, tunapandisha andiko la kiufundi la kurasa 94. Liliingia dakika kumi na moja kabla ya kufungwa. Tulipiga makelele kama timu iliyofunga goli la ugenini. Kazi ile hatukuipata.

Ndani ya zabuni kuna kitu ambacho kilinisumbua tangu mwanzo, na wanaoingia wakijue. Mteja anatoa alama kwa wasifu wa wataalamu wakuu, kwa hiyo andiko linawekwa majina mazito, watu wenye shahada za uzamivu na uzoefu wa miaka ishirini. Kazi ikipatikana, mwenye jina anakuja kikao cha kwanza na kikao cha mwisho. Katikati ni mimi na wenzangu wa miaka ishirini na kitu. Ripoti mbili nimeziandika kuanzia hadidu za rejea hadi mapendekezo, na jina langu limo kwenye ukurasa wa shukrani kati ya dereva na mpishi. Dereva na mpishi wanastahili kuwemo. Nami nilistahili kuandikwa kwa kazi niliyofanya, kwa sababu siku nikiomba kazi nyingine, yale majina ya kwenye jalada ndiyo yanayohesabiwa kuwa uzoefu. Nililisema hili mara mbili kwenye vikao. Mara ya pili likabadilika kidogo, nikaandikwa "mchambuzi wa takwimu". Wengine hawakuandikwa.

Miezi ya Aprili hadi Juni ni ya kutokulala. Bunge la bajeti linaanza, nyumba za wageni zinajaa, na taasisi zinakimbilia kumaliza fedha za mwaka kabla ya Juni 30. Kila mteja anataka ripoti yake wiki moja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inasema saa 45 kwa wiki, na ya ziada ilipwe mara moja na nusu. Juni 2024 niliandika saa zangu kwenye daftari, wiki ya tatu zilifika 71. Ya ziada sikulipwa, nilipewa siku tatu za kupumzika mwezi Agosti. Treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma mwaka huohuo tulishangilia, tiketi ya daraja la kawaida 31,000 na saa tatu na kitu umefika Dar, tofauti na kutwa nzima ndani ya basi. Kumbe na safari nazo zitabadilika: zamani ukienda kuwasilisha ripoti Dar unalala, unapata posho ya kulala, unaamkia kwa dada yako Tabata. Siku hizi unaondoka alfajiri, unawasilisha, unarudi usiku, na kesho saa mbili uko mezani.

Nifike kwenye lililonitoa.

Septemba 2024 tulikuwa na utafiti wa kaya Chemba, siku kumi na nne. Mimi ndiye niliyewatafuta wadadisi kumi na sita, wengi vijana wa palepale waliowahi kuwa makarani wa Sensa ya 2022. Niliwapigia mmoja mmoja kwa simu yangu. Makubaliano yalikuwa 45,000 kwa siku, nusu kabla ya kuanza, nusu wakimaliza. Nusu ya kwanza walipata. Walifanya kazi safi. Wawili walitembea kilomita tisa kwa miguu gari lilipokwama mchangani, wakazifikia kaya zote walizopangiwa. Iliyobaki ilikuwa 315,000 kwa kila mmoja, jumla 5,040,000.

Rasimu tuliipeleka mwisho wa Oktoba. Mteja alikaa nayo. Katikati ya Desemba yakarudi maoni 87, mengi ya nukta na mkato, machache ya maana. Tukajibu yote kabla ya Krismasi. Mwenye kusaini barua ya kupokea akawa likizo. Mshahara wa Novemba haukutoka. Wa Desemba haukutoka. Kodi ya nyumba ilikuwa inaisha, nikakopa 400,000 kwenye kikoba chetu cha akina dada kwa riba ya asilimia kumi. Nyumbani Manyoni nilisema nina kazi nyingi, sitakuja sikukuu.

Hayo yangu ningeyameza. Simu ndizo zilinivunja. Wadadisi hawakuwa na namba ya Dokta wala ya mhasibu, walikuwa na yangu. "Dada, shikamoo. Dada, vipi ile posho?" Kijana mmoja wa Kwa Mtoro alipiga wiki ya kwanza ya Januari, shule zinafunguliwa, mtoto wake anaanza darasa la kwanza na sare hana. Hakunitukana. Angenitukana ningepata nafuu. Alisema, "Nakuamini dada, ila mwalimu haniamini mimi." Nilimtumia 30,000 kutoka kwenye zile za kikoba. Wengine kumi na watano sikuwa na cha kuwatumia.

Nilikwenda kwa mhasibu nikitaka ugomvi. Akafunga mlango, akanionesha vitabu. Na hapa naomba mnisome vizuri, maana nataka kuwa mkweli kwa pande zote mbili. Kampuni ikishatoa ankara, VAT ya asilimia 18 inadaiwa na kurudishwa TRA kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, mteja awe amelipa au hajalipa. Akilipa, anakata kodi ya zuio asilimia 5. Kampuni ilikuwa imeshalipia kodi hela ambayo haijaiona. Desemba hiyo malipo ya mradi mwingine yaliingia, yakaenda kwenye pango la ofisi na kutengeneza gari, kwa sababu bila gari mradi wa Januari usingeanza. Dokta mwenyewe hakuwa amechukua mshahara tangu Septemba. Niliona kwa macho yangu.

Nilimwelewa. Bado nasema alikosea. Mdadisi hakusaini mkataba na mteja, wala hakukubaliana na mtu kwamba atalipwa ripoti ikipokelewa. Alikubaliana atalipwa akimaliza kazi, na alimaliza. Fedha za wadadisi zilipaswa kutengwa siku ile asilimia 20 ya kwanza ilipoingia, zisiguswe hata kama ofisi inafungiwa umeme. Nilimwambia Dokta hivyo, ana kwa ana, sauti inanitetemeka. Akanijibu taratibu kwamba kila kampuni ya ukubwa wetu inaendeshwa hivi. Huenda ni kweli. Mimi ndipo nilipoanza kuandika barua yangu kichwani.

Malipo yaliingia Februari 14, 2025. Wadadisi, ukiacha wawili nitakaowataja mwishoni, wakalipwa siku ileile, hilo nalishuhudia, nilikaa na mhasibu tukituma moja moja. Mishahara ikafuata. Ndipo nikaingia kwenye akaunti yangu ya NSSF nikakuta miezi mitano ya michango haijawasilishwa. Ililipwa kabla sijaondoka, baada ya mimi na wenzangu wanne kuandika barua ya pamoja. Kama nisingeangalia, nisingejua.

Kuna la mwisho ambalo halihusu fedha, nalo kwangu ni zito kuliko fedha. Ripoti zetu karibu zote zilikuwa za Kiingereza, zikaenda kwa mteja, zikapokelewa, mradi ukafungwa. Kijijini hakirudi kitu. Mwaka 2024 nilipita tena Bahi kwa kazi nyingine, mwenyekiti wa kitongoji akanitambua. Akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mlituuliza maswali hamsini na mbili. Majibu yake yalikuwa nini?" Sikuwa na la kumwambia. Niliomba ruhusa ya mteja, ikachukua miezi miwili, nikaandika kurasa mbili za Kiswahili: kaya ngapi tulizungumza nazo, deni la kifuku linakula kiasi gani cha mpunga, wenyewe walipendekeza nini. Mtendaji akazibandika kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Kazi ile niliifanya Jumamosi mbili, haikuwa kwenye mkataba. Niliomba iwe kwenye mikataba yote, mstari mmoja tu wa bajeti, watu wawili na mafuta. Dokta aliipenda. Kwenye maandiko matatu yaliyofuata aliiweka. Wateja wawili waliukata mstari ule kupunguza gharama, mmoja akaubakisha.

Kwa hiyo, mdogo wangu uliyeitwa usaili: nenda. Kwa miaka miwili ya mwanzo sidhani kama kuna mahali hapa Dodoma patakunoa namna ile. Lakini kabla hujasaini uliza mshahara wa mwezi uliopita ulitoka tarehe ngapi, na umuulize mwajiriwa wa chini, usimuulize bosi. Uliza kama mishahara inategemea malipo ya mteja, na ukijibiwa "huwa inachelewa kidogo" dai tarehe iandikwe. Omba jina lako na kazi yako viandikwe kwenye ripoti. Angalia michango yako NSSF kila robo mwaka. Weka akiba ya miezi mitatu kabla ya kununua sofa. Na ukipewa kazi ya kuwatafuta wadadisi, usipige simu hata moja mpaka mhasibu akuoneshe posho yao yote imetengwa. Namba yako ndiyo watakayopiga.

Kwa wale kumi na sita wa Chemba, Septemba 2024: wawili wenu malipo yaligoma siku ile kwa sababu laini zilikuwa zimefungwa, na nimewatafuta hadi kwa watendaji wa kata sijawapata. Fedha zenu zipo, 315,000 kila mmoja, mhasibu ameziandika kwa majina na nina nakala. Ofisi mnaifahamu, ni palepale tulipofanyia mafunzo. Nendeni na kitambulisho cha NIDA, siku yoyote ya kazi. Wakiwazungusha, namba yangu ni ileile.